Jina la Babu Pekee Halitoshi: Wasomaji Wanauliza Kuhusu Kutafuta Ukoo Mtandaoni

Barua nyingi za safari hii zimetoka Unguja, Pemba na Maskati, na karibu zote zina malalamiko mamoja: mtu anauliza habari za wazee wake kwenye magrupu ya WhatsApp au ya barua pepe, halafu kimya. Tumechagua sita. Majina yaliyomo kwenye mifano ni ya kuonyeshea tu.

Nimeuliza mara tatu, watu wanasoma na kupita

*Assalaam alaykum wahariri. Nimo kwenye grupu la Wapemba walio nje na ndani, lina watu zaidi ya mia nne. Niliandika: "Natafuta jamaa za babu yangu Juma Khamis wa Pemba, anayemjua anijulishe." Nimeirudia mara tatu kwa miezi mitatu. Hakuna aliyejibu. Nakosea wapi?* — Msomaji, Wete

Waalaykum salaam. Hebu jiweke mahali pa anayeusoma ujumbe wako. Kina Juma Khamis wa Pemba hawana idadi. Huenda yeye anawajua watano, hajui umemkusudia yupi, na akitaka kukusaidia itabidi kwanza akuhoji. Ana kazi zake, anapita. Si kwamba hawataki kujibu, ila hukuwapa pa kushika.

Wape nasaba yenyewe, majina matatu kwenda juu, na ukilipata la nne ongeza. Halafu waweke wanawake wa nyumba hiyo: mke, dada, mama. Wengi hulisahau hili, na ndilo linalofungua milango, kwa sababu jina la mwanamme mmoja hurudiwa katika kila kijiji, lakini mume na mke wakitajwa pamoja ni nadra kukutana na jozi kama hiyo mara mbili. Lakabu pia iandike hata kama unaiona haina maana. Mzee wa miaka themanini huenda asimkumbuke Juma Khamis, akamkumbuka mara moja kwa jina aliloitwa baharini.

Mahali pasiishie "Pemba". Taja kijiji, kitongoji au kiambo, msikiti aliosali, jina la shamba alilochuma karafuu. Muda nao uwe wa baina ya mwaka fulani na fulani, kwani mwaka mmoja uliokisiwa humfanya mwenye habari aseme "huyu siye" na kunyamaza. Mwisho, uliza jambo moja tu. Anayeomba "habari zozote" aghalabu hapati yoyote.

Ujumbe ukikamilika unakuwa hivi:

*MAKAME bin HAJI bin VUAI, Kengeja, alizaliwa baina ya 1905 na 1912. Assalaam alaykum. Mimi ni mjukuu wake kwa binti yake. Alikuwa mvuvi, akahamia Malindi, Unguja, kabla ya Vita vya Pili. Mke wake wa kwanza ni Bi Mize binti Kombo. Dada yake aliolewa Chokocho. Alifariki 1971 akazikwa Mwanakwerekwe. Natafuta jina la mama yake na kijiji alikotoka mama huyo. Siulizi habari za mali. Ninayo nakala ya hati yake ya ndoa, nitampa jamaa atakayeihitaji.*

Ni maneno yasiyofika themanini. Mstari wa kwanza una jina kwa herufi kubwa, mahali na miaka. Kwenye barua pepe huo ndio uwe mstari wa mada, kwa sababu mtu atakayetafuta jina hilo miaka kumi ijayo ataukuta hapo. Mada ya "Naomba msaada" haitafutiki. Na angalia mwisho wa ujumbe: mwandishi ametoa kitu. Mwenye kutoa nakala hujibiwa upesi kuliko mwenye kuomba mikono mitupu.

Usiurudie kila wiki. Subiri wiki tatu au nne, na unaporudi, rudi na jambo jipya: "Tangu nilipoandika, nimepata kuwa shangazi yake aliitwa..." Ukipata jibu, liandike na kwenye grupu hata kama ulipewa faraghani, ili anayetafuta ukoo huo huo asianze upya.

Na wazee usiwasubiri kwenye simu. Mtume kijana aliye karibu nao akae nao baada ya laasiri, arekodi sauti kwa idhini yao. Swali linalozaa zaidi si "nasaba yetu ni ipi?" bali "walii wa harusi ya bibi alikuwa nani?" na "nani aliyepokea mkono wa tanzia siku ile?" Walii huwa baba, babu, kaka au ami, kwa hivyo jibu moja linakupa kipande kizima cha upande wa kuumeni. Hitima nazo ni mahali pazuri, maana waliosahauliana hukutana hapo.

"Alizaliwa zama za Sayyid Khalifa" ni mwaka gani?

*Kwetu hakuna anayejua mwaka. Wazee wanasema babu alizaliwa zama za Sayyid Khalifa, na kwenye Msahafu wa nyumbani kuna maandishi ya Kiarabu "12 Rajab 1329". Nifanye hesabu gani?* — Msomaji, Jang'ombe

Anza na mtego uliomo ndani ya jina lenyewe. Masayyid Khalifa walikuwa wawili. Khalifa bin Said alitawala 1888 hadi 1890, na Khalifa bin Harub alitawala 1911 hadi 1960. Mzee anapotaja Sayyid Khalifa bila jina la baba karibu kila mara ni huyu wa pili, lakini kama habari imetoka kwa bibi yake bibi, uliza tena. Kina Ali nao ni wawili: Ali bin Said 1890 hadi 1893 na Ali bin Hamoud 1902 hadi 1911. Waliobaki hawachanganyi: Majid 1856 hadi 1870, Barghash hadi 1888, Hamad bin Thuwaini 1893 hadi 1896, Hamoud bin Mohammed hadi 1902.

Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, ndiyo maana kuongeza 579 au namba yoyote moja kwa kila mwaka hukupeleka kombo. Zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha ongeza 622. 1329 mara 0.97 ni 1289.13, ongeza 622, unapata 1911. Rajab ni mwezi wa saba, na mwaka 1329 ulianza mapema Januari 1911, kwa hivyo tarehe yako ni mwanzoni mwa Julai 1911. Acha nafasi ya siku moja au mbili, kwani mwezi huandama kwa kuonekana na siku ya Kiislamu huingia magharibi.

Sasa tazama: Sayyid Ali bin Hamoud alijiuzulu Disemba 1911, ndipo Khalifa bin Harub akashika. Kama maandishi yale ni ya kuzaliwa kwa babu yako, alizaliwa miezi mitano kabla ya Sayyid Khalifa kushika utawala. Wazee hawakukosea sana, lakini hawakupatia. Huenda pia maandishi hayo si ya babu, ni ya mtu mwingine wa nyumba hiyo, au ni siku Msahafu ulipowekwa wakfu. Soma neno lililotangulia tarehe kabla hujaliandika popote.

Kama hakuna maandishi, tumia matukio. Tufani ya Aprili 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba karibu salama, na baada yake wengi walivuka kwenda kupanda Pemba. Ukoo unaosema "tulikuja Pemba kwa karafuu" mara nyingi unazungumzia miaka iliyofuata hapo. Jumba la Sultani lilipigwa mizinga tarehe 27 Agosti 1896. Manowari ya Kiingereza Pegasus ilizamishwa bandarini Unguja na Königsberg ya Wajerumani tarehe 20 Septemba 1914. Vita vya ng'ombe vya Kiembe Samaki vilikuwa 1951. Ukimuuliza mzee "ulikuwa unakwenda chuoni au ulikwisha kuoa vita vya ng'ombe vilipotokea?" utapata umri wake kwa karibu zaidi kuliko ukimuuliza mwaka.

Hela nazo zinasema. Hati yenye bei kwa rupia ni ya kabla ya 1936, mwaka ambao shilingi ya Afrika Mashariki ilichukua nafasi yake.

Ukimaliza, pima nasaba yote kwa vizazi. Baina ya baba na mtoto weka miaka 25 hadi 35. Kama babu alizaliwa 1911 na mnasema babu yake alikuwa mtu mzima zama za Sayyid Said aliyefariki 1856, hesabu inawezekana kwa shida. Lakini ikiwa ni baba yake mzazi ndiye anayetajwa hivyo, kuna jina limerukwa. Hutokea sana: babu mwenye sifa humeza jina la mtoto wake, na wajukuu wakaitwa "bin" kwake moja kwa moja. Umri ulioandikwa na makarani wa kikoloni usiufanye msumari. Mwingi ulikisiwa kwa macho, ndiyo maana umejaa 30, 35, 40.

Kompyuta inasema hakuna jina hilo

*Natafuta jina la baba wa babu yangu kwenye kumbukumbu za mtandaoni na barua za zamani za magrupu. Naandika Suleiman Othman Khamis, hakuna kitu.* — Msomaji, Maskati

Kompyuta haijui kwamba Suleiman, Sleiman, Sulaiman na Seleman ni mtu mmoja. Othman ameandikwa Uthman na Athumani. Khamis ameandikwa Hamis na Hamisi. Abdalla, Abdulla na Abdullah. Seif na Saif. Andika kila jina kwa tahajia zake zote kwenye karatasi, kisha tafuta jozi moja moja. Kwa majina matatu yenye tahajia nne kila moja zinatoka njia 64, kwa hivyo tafuta majina mawili tu pamoja na mahali. Mahali napo pana tahajia za kizamani: Chake Chake utaikuta Chaki Chaki, na Wete utaiona Weti.

La pili ni kwamba sisi hatuna jina la ukoo kama Wazungu. Jina la tatu la babu yako ni la babu yake, na mtoto wake halibebi. Programu za nasaba hukulazimisha kujaza "jina la ukoo", na mtu akijaza jina la tatu, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wanabaki pamoja lakini baba yao anaonekana mtu wa ukoo mwingine. Jaza nasaba yote kwenye sehemu ya jina la kwanza, na sehemu ya ukoo iache tupu au weka nisba, yaani jina la kabila au asili, kama ipo: Barwani, Mauly, Shirazi. Kwenye hati za zamani baina ya majina utakuta bin, binti na wadi (nalo maana yake ni mtoto wa). Usiyafute unaponakili. Makarani waliandika "wadi" zaidi kwa watu wa tabaka la chini, wengi wao wenye asili ya utumwa, na kwa mtafiti hiyo ni habari.

Ndugu wamenuna, na mgeni ananidai pesa

*Tangu niulize kwenye grupu, ami zangu hawaniamkii. Wanasema nafukua shamba. Na mtu nisiyemjua kaniandikia kuwa ni jamaa, anataka nakala ya kitambulisho na ada ya kufungua mirathi.* — Msomaji, Mkoani

La mgeni ni jepesi: usimpe kitambulisho wala senti. Mirathi ya Zanzibar hushughulikiwa mahakamani au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na ada hulipwa huko kwa risiti. Jamaa wa kweli atakubali kujibu swali moja usiloliandika hadharani, kama jina la mke wa pili wa babu. Ndiyo maana tunashauri kila ujumbe uache jambo moja nje, ulijue wewe peke yako.

La ami zako ni zito zaidi, na wana sababu. Hapa kwetu anayeuliza "babu alikuwa na watoto wangapi?" husikika kama anauliza "fungu langu liko wapi?" Kuna mashamba yaliyogawanywa kwa mdomo, nyumba za Mji Mkongwe ambazo hazijarithishwa vizazi vitatu, na ardhi ya eka tatu tatu iliyotolewa baada ya Mapinduzi. Ukiwa na nia ya nasaba tu, iseme mwanzoni na uisimamie: usipige picha hati ya shamba, usitaje mipaka, usimtaje aliye hai kwa jina kamili hadharani. Nenda kwa mkubwa wao ana kwa ana, umwonyeshe ulichoandika, umwombe akusahihishe. Mwenye kusahihisha hugeuka mwenye kazi. Lakini kama kweli una dai la mirathi, usilifiche nyuma ya nasaba. Lipeleke kwa kadhi, na ujue wazi kwamba ni shughuli nyingine.

Bibi yetu alikuwa mjakazi

*Mama wa bibi yangu aliletwa Unguja akiwa mtoto. Tunajua aliitwa Faida na kwamba alikuwa Mnyasa. Nawezaje kumtafuta, na je, niliandike hili mbele za watu?* — Msomaji, Makunduchi

Bibi huyu anastahili kutafutwa kwa bidii ile ile wanayotafutiwa masharifu, na njia zipo.

Kwanza, majina. "Faida" huenda ni jina alilopewa alipofika, kama walivyopewa kina Mabruki, Feruzi na Majaliwa. Jina lake la kwao linaweza kuwa limebaki katika wimbo wa kubembeleza mtoto, katika jina la mtoto wa kwanza, au katika neno moja la lugha ya bara ambalo familia bado inalitumia bila kujua maana. Lirekodi neno hilo kwa sauti na uwatumie watu wa Malawi, Msumbiji ya kaskazini na Songea. "Mnyasa" peke yake haitoshi, kwani waliotoka pande zote za Ziwa Nyasa waliitwa hivyo, wakiwemo Wayao na wengine.

Pili, pata zama zake. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, lakini watu waliendelea kuletwa kwa magendo. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Aprili 1897. Haikuwa siku moja watu wote huru: mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake, aonyeshe atakakokaa na atakavyojilisha, na bwana akalipwa fidia. Walioenda wakaacha alama kwenye karatasi. Wengi hawakwenda, walibaki kwenye mashamba yale yale, na hao utawakosa kwenye orodha hizo. Masuria hawakuingizwa katika sheria ya 1897. Walibaki nje yake hadi 1909. Kama bibi alizaa na bwana wake, watoto walikuwa huru na wakachukua nasaba ya baba, na hapo ndipo jina la mama lilipofunikwa.

Kwa hali hiyo tazama hati za wakfu. Mabwana na mabibi kadhaa waliwaweka mahuru wao kuwa wanufaika wa nyumba au shamba, na majina yao yakaandikwa. Uliza Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa jina la bwana, kwani hati hufuata jina la aliyeweka wakfu. Kwenye hifadhi ya Nyaraka za Zanzibar, Kilimani, omba kwanza orodha za mafaili kabla ya kuomba faili: zinazoanza na AA ni za ubalozi wa Kiingereza, AB ni za sekretarieti. Andika namba kamili ya kila faili ulilofungua, hata lisilo na kitu, la sivyo utalifungua tena mwakani.

Waliokamatwa baharini na manowari za Kiingereza wengine walikabidhiwa kwa misheni ya Kianglikana ya UMCA, wakakaa Mbweni na Kiungani. Karatasi za misheni hiyo zimehifadhiwa maktaba ya Bodleian, Oxford, na barua za serikali ya Uingereza kuhusu biashara ya watumwa zimo National Archives, Kew, katika mfululizo wa FO 84. Kwenye magrupu ya barua pepe ya nasaba kuna wanaojitolea kutazama faili moja kwa ajili ya mtu wa mbali. Lakini mwambie namba ya faili, mwaka na jina la chombo au bwana. Ukimwambia "tafuta Faida", umempa bahari.

Ama kuandika hadharani, waulize kwanza wote walio hai wa tumbo hilo, sio wewe na ndugu zako tu. Kuna anayeolewa mwezi ujao, kuna anayeishi mtaa mmoja na kizazi cha bwana. Wakikubali, andika kwa maneno ya heshima: "aliletwa Unguja akiwa mtoto" inatosha kumwongoza mwenye habari. Jina la ukoo wa bwana liulizie faraghani. Wakikataa, andika daftarini, lifunge, na endelea kutafuta kimya kimya.

Barua mia kwa siku

*Nilijiunga na grupu la barua pepe la nasaba, sasa simu yangu imejaa. Nijitoe?* — Msomaji, Chake Chake

Usijitoe. Ingia kwenye mipangilio ya uanachama uchague kupokea muhtasari, yaani barua nyingi zilizofungwa pamoja katika moja. Groups.io na Google Groups zote zinayo nafasi hiyo. Tahadhari mbili: unapojibu kutoka kwenye muhtasari, badilisha mstari wa mada, kwa sababu utabeba jina la muhtasari na hakuna atakayejua unajibu nini, na futa barua nyingine zote zilizoning'inia chini ya jibu lako. Angalia pia jibu linakwenda kwa nani. Magrupu mengine hupeleka kwa wote, mengine kwa mwandishi peke yake, na siri nyingi za watu zimetoka kwa kidole kimoja.

Picha usiziambatishe, magrupu mengi huzikata. Sema unazo, atakayezitaka atakuandikia. Na ukikuta maelekezo ya zamani yanayokuambia ujiunge na magrupu ya barua pepe ya RootsWeb, yapite: yaliacha kusambaza barua Machi 2020.